Namna ya Kupanga Viti kwa Ajili ya Mikutano na Hafla za Kikazi

Mpangilio wa viti huamua nani atamwona nani, nani atajibizana na nani, na nani atakaa kimya hadi mwisho ingawa hakuna aliyemkataza kusema. Kwa sababu hiyo, si kazi ya kuachiwa wahudumu wa ukumbi waifanye kwa mazoea asubuhi ya siku yenyewe, viti vyote vikielekezwa mbele hata pale ambapo watu wameitwa ili washauriane. Mwongozo huu unaeleza hatua za kufuata, tangu kubainisha kusudi la kikao hadi kuukagua ukumbi kabla ya wageni kuingia. Vipimo vilivyotajwa vinahusu ukumbi wenye sakafu tambarare na viti vinavyohamishika.

Hatua ya 1: Bainisha watu watafanya nini wakishaketi

Anza na kazi, ndipo uje kwenye ukumbi. Chukua ratiba, na mbele ya kila kipindi uandike kitendo kimoja kinachokitawala: kusikiliza, kuandika, kujadili, kuamua, kupatana au kufahamiana. Anayesikiliza anahitaji kumwona msemaji tu. Anayejadili anahitaji kuziona nyuso za wenzake. Anayeandika anahitaji meza. Na anayetaka kufahamiana na wengi anahitaji nafasi ya kuondoka alipo na kwenda kwa mwingine bila kuonekana amekosa adabu.

Katika miaka ya 1950, daktari wa magonjwa ya akili Humphry Osmond, aliyekuwa akifanya kazi hospitalini nchini Kanada, alitofautisha mipangilio ya vyumba inayowavuta watu wakaribiane na ile inayowatenga. Viti vilivyopangwa safu kwa safu ni vya aina ya pili: kila mmoja anatazama kisogo cha aliye mbele yake, na mazungumzo hayawezi kwenda popote ila kwa msemaji. Hilo ni jema kabisa wakati wa hotuba, lakini huua majadiliano, na mwenyekiti hubaki akiuliza kama kuna maswali huku ukumbi umenyamaza.

Ratiba nyingi huwa na vitendo viwili vinavyopingana, kwa mfano mada za kusikiliza asubuhi na kazi za vikundi alasiri. Hapo unaweza kubadilisha viti wakati wa mapumziko, iwapo una wahudumu wa kutosha na muda wa kutosha, au kuchagua umbo moja litakalofaa kwa vyote viwili. Kwa mkutano wa siku moja ningechagua njia ya pili bila kusita, kwa kuwa mapumziko huwa mafupi kuliko yalivyoandikwa, na washiriki wanaorudi na kukuta viti vikiburutwa sakafuni huchukua muda mrefu kutulia.

Hatua ya 2: Pima nafasi inayotumika kweli

Idadi ya watu inayotajwa na wenye ukumbi kwa kawaida ni ya viti vilivyojazwa kwa safu katika chumba kitupu. Usiitegemee. Pima urefu na upana, kisha toa eneo la jukwaa na skrini, meza ya usajili, meza ya chai na vinywaji, nguzo, na upenyo wa milango. Kinachobaki ndicho cha kugawa.

Kwa makadirio ya awali, mtu mmoja katika viti vya safu visivyo na meza huhitaji takriban mita 1 ya mraba. Penye meza za kuandikia, karibu mita 1.8, kwenye meza za duara zilizoachwa wazi upande mmoja, karibu mita 2, na katika umbo la herufi U, karibu mita 3. Tuchukue ukumbi wa mita 10 kwa 12, ambao ni mita 120 za mraba. Ukitoa mita 2.5 za kina upande wa mbele kwa ajili ya msemaji na skrini, na mita 1.5 upande wa nyuma kwa ajili ya usajili na vinywaji, zinabaki mita 80 za mraba. Humo wataenea watu 80 kwa viti vya safu, 44 wenye meza za kuandikia, 40 kwenye meza za duara, na 26 tu katika umbo la U. Ukumbi ni uleule, nao umepungua hadi theluthi moja kwa sababu ya umbo peke yake. Fanya hesabu hii kabla ya kutuma mialiko, kwa maana baada ya hapo utalazimika kuchagua umbo linaloenea badala ya umbo linalofaa.

Hatua ya 3: Chagua umbo

Viti vya safu, kama ilivyo katika ukumbi wa sinema, vinafaa kwa hotuba, uzinduzi na mikutano mikuu ambamo watu wengi wanasikiliza kwa muda usiozidi saa moja au mbili. Pinda safu kidogo kuelekea jukwaani badala ya kuzinyoosha kabisa, ili walioko pembeni wasimtazame msemaji kwa kugeuza shingo muda wote. Na pishanisha viti ili kila mtu aone kati ya mabega ya wawili walio mbele yake.

Mpangilio wa darasa huongeza meza mbele ya kila safu, na ndio unaofaa kwa mafunzo ambamo watu wanaandika au wanatumia kompyuta. Meza yenye urefu wa mita 1.8 inawatosha watu wawili kwa raha. Watatu wanaweza kuketi, kila mmoja akiwa na sentimita 60, lakini kompyuta, daftari na glasi ya maji havitapata nafasi, na aliye katikati atawasumbua wenzake kila anapotaka kutoka.

Meza moja ndefu ni ya kikao cha uamuzi cha watu wachache. Inafanya kazi vizuri hadi watu 12 hivi. Wakizidi 16, walio upande mmoja hawaonani na majirani zao isipokuwa kwa kuinama mbele, na kikao hugawanyika kuwa mazungumzo mawili. Fahamu pia kwamba ncha za meza zina uzito wake. Utafiti wa Strodtbeck na Hook uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1961, uliohusu juri (jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani) la watu 12 waliopaswa kumchagua kiongozi wao, ulionyesha kwamba waliokaa kwenye ncha za meza walichaguliwa mara nyingi zaidi kuliko waliokaa ubavuni. Ikiwa mwenyekiti anataka kusikiliza zaidi ya kuamuru, na akae katikati ya ubavu mrefu, kwani kutoka hapo yuko karibu na kila mtu na haonekani kama hakimu.

Umbo la herufi U ndilo ninalolipendekeza zaidi kwa warsha za watu 12 hadi 25. Washiriki wanaonana, mkufunzi anaweza kuingia katikati na kumkaribia yeyote, na skrini iliyo kwenye upenyo inaonekana na wote. Usiweke viti upande wa ndani ili kuongeza idadi, kwa sababu watakaokaa hapo watawapa wengine mgongo na faida yote ya umbo hilo itapotea. Wakizidi 25, mikono ya U hurefuka mno na waliokaa chini kabisa huwa mbali na skrini. Hapo badili umbo. Mraba wenye uwazi katikati hufanana na U iliyofungwa, nao unafaa kwa majadiliano ya wajumbe wa hadhi sawa wasiohitaji skrini.

Meza za duara huwaleta watu pamoja kuliko meza za aina nyingine zote. Meza yenye kipenyo cha mita 1.5 huchukua watu 8, na yenye kipenyo cha mita 1.8 huchukua 10. Hiyo ni idadi ya chakula. Kwa kikao chenye msemaji na skrini, acha wazi upande unaotazama jukwaa, ili meza ya watu 8 ibaki na watu 5 au 6 ambao hakuna kati yao aliyempa msemaji mgongo. Hili ndilo umbo la wastani nililolidokeza katika hatua ya 1: linafaa kwa kusikiliza na kwa kazi za vikundi, bila kiti hata kimoja kuhamishwa. Acha takriban mita 1.5 kati ya ukingo wa meza moja na nyingine, ili viti vikisogezwa nyuma bado mhudumu aweze kupita. Katika ukumbi wetu wa mfano, meza 8 zitaenea zikipangwa kwa kupishana, yaani tatu, mbili, kisha tatu.

Kwa hafla ya kufahamiana, punguza viti kwa makusudi. Weka meza za kimo kirefu ambazo watu huzizunguka wakiwa wamesimama, na viti vichache pembeni kwa ajili ya wazee, wajawazito na wote wasioweza kusimama muda mrefu. Kila mtu akiwa na kiti chake, jioni nzima itapita akiwa na wale alioingia nao.

Majadiliano ya kupatana kati ya pande mbili yanastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu hapo umbo lenyewe ni sehemu ya mgogoro. Mwishoni mwa mwaka 1968, mazungumzo ya Paris kuhusu vita vya Vietnam yalikwama kwa wiki kadhaa juu ya umbo la meza: meza yenye pande mbili ingemaanisha kwamba wahusika ni wawili, na meza yenye pande nne ingewatambua wapiganaji wa Vietnam Kusini waliokuwa wakiipinga serikali yao kuwa upande unaojitegemea. Suluhisho lilipatikana Januari 1969, nalo lilikuwa meza moja ya duara isiyo na bendera wala vibao vya majina, pamoja na meza mbili ndogo za mstatili zilizowekwa mkabala. Kikao chako huenda kisiwe na uzito huo, lakini kanuni ni ileile. Pande mbili zikikaa ana kwa ana kwenye meza ndefu, kila mtu anakumbushwa kwa saa nzima kwamba aliye mbele yake ni mpinzani. Katika uchunguzi wake wa mwaka 1965 miongoni mwa wanafunzi, mwanasaikolojia Robert Sommer aliona kwamba wanaoshindana huchagua kukabiliana, wanaoshirikiana huchagua kukaa ubavu kwa ubavu, na wanaozungumza tu hupendelea kona ya meza. Basi kwa mazungumzo ya watu wawili kuhusu jambo gumu, kama vile tathmini ya kazi au malalamiko ya mteja, tumia kona. Kwa pande mbili zinazotafuta muafaka, tumia duara na uwachanganye wataalamu wa fani moja, wahasibu karibu na wahasibu na wanasheria karibu na wanasheria, mradi viongozi wa pande zote mbili wamekubali mapema.

Hatua ya 4: Hakikisha kila kiti kinaona na kusikia

Skrini huongoza mahali pa safu ya kwanza na ya mwisho. Safu ya kwanza isiwe karibu kuliko mara mbili ya kimo cha picha, na ya mwisho isiwe mbali kuliko mara sita ya kimo hicho iwapo picha ina maandishi madogo au majedwali, au mara nane iwapo ni picha za kawaida. Picha yenye kimo cha mita 1.5, kwa mfano, inawafaa watu walio kati ya mita 3 na mita 9. Ukingo wake wa chini uwe angalau mita 1.2 kutoka sakafuni, la sivyo vichwa vya walio mbele vitaufunika. Kama ukumbi ni mrefu kuliko vipimo hivyo, ongeza skrini ya pili katikati, au geuza mpangilio mzima ili jukwaa liwe kwenye ubavu mrefu wa chumba. Kugeuza huku hakugharimu chochote, tena hupunguza idadi ya safu, ingawa wengi hawakufikirii kwa sababu jukwaa limezoeleka kuwa kwenye ukuta mfupi.

Msemaji asipewe dirisha la jua nyuma yake, kwani uso wake utakuwa kivuli. Viziwi wanaofuata midomo au mkalimani wa lugha ya alama wapewe safu ya mbele, na mkalimani asimame karibu na msemaji mahali penye mwanga, hata ukumbi unapofifishwa kwa ajili ya projekta. Wajumbe wanaoshiriki kwa njia ya video nao wana kiti: waweke kwenye upenyo wa U, kamera ikiwa usawa wa macho ya walioketi, ili mtu anapowatazama aonekane anawatazama. Skrini yao ikiwekwa pembeni juu ya kabati, watasahauliwa kabla ya ajenda ya pili.

Hatua ya 5: Acha njia

Kati ya migongo ya safu moja na nyingine acha angalau sentimita 90, na upenyo wa kupita mbele ya magoti usipungue sentimita 30. Njia kuu iwe na upana wa mita 1.2 au zaidi, nayo ielekee mlangoni moja kwa moja. Viwango vya usalama wa moto vinavyotumika Marekani huruhusu viti 14 kwa safu yenye njia pande zote mbili na viti 7 kwa safu yenye njia upande mmoja tu, iwapo upenyo ni huo wa sentimita 30. Nchi nyingine zina kanuni zake, na za mahali ulipo ndizo za kufuatwa. Katika mikusanyiko mikubwa, viti vyepesi vifungwe pamoja vitatu vitatu au zaidi, kwa kuwa katika taharuki kiti kimoja kilichoanguka njiani huziba safu nzima. Mlango wa dharura usiwekewe meza wala bango, hata kwa muda mfupi.

Mtu anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji njia ya sentimita 90, nafasi ya kugeukia yenye kipenyo cha mita 1.5, na mahali pa kukaa penye upana wa sentimita 90 na kina cha mita 1.2 au zaidi. Meza yake iwe na uwazi wa sentimita 69 hivi chini yake ili magoti yaingie. Usiweke nafasi hizi zote nyuma kabisa au zote mbele. Zisambaze, na kando ya kila moja weka kiti cha kawaida kwa ajili ya mwenzake. Ninalisisitiza hili kwa sababu ni dhuluma kumwalika mtu kisha kumtenga na aliokuja nao. Kama jukwaa lina ngazi na miongoni mwa wasemaji yumo asiyeweza kuzipanda, wasemaji wote washuke waketi chini.

Hatua ya 6: Amua nani akae wapi

Si kila kikao kinahitaji vibao vya majina, lakini penye zaidi ya watu wanane wasiojuana vibao huondoa aibu ya kutangatanga. Andika jina pande zote mbili za kibao, kwa herufi zinazosomeka kutoka upande wa pili wa meza.

Mwaka 1950 mtafiti Bernard Steinzor aligundua kwamba katika duara watu huelekea kumjibu aliyekaa mkabala nao zaidi ya aliyekaa ubavuni. Matumizi yake ni ya moja kwa moja. Msemaji mkali wa kupinga akae karibu na mwenyekiti, ubavuni mwake, asikae mbele yake. Na mjumbe mkimya mwenye ujuzi unaohitajika akae mkabala na mwenyekiti, ambapo kutazamwa tu kunatosha kumwalika aseme. Wawili wenye ugomvi wa muda mrefu usiwakabilishe, wala usiwaweke pamoja; waweke upande mmoja, wakitenganishwa na watu wawili au watatu.

Kwa itifaki ya kimataifa, kiti cha heshima ni cha kuume kwa mwenyeji. Penye wageni wa hadhi sawa, ambapo kumtanguliza mmoja ni kumdunisha mwingine, fuata kanuni isiyo na upendeleo na uitangaze. Katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kila mwaka hupigwa kura ya bahati ili kupata nchi itakayokaa kiti cha kwanza, na nyingine hufuata kwa alfabeti ya majina yao kwa Kiingereza. Taasisi zinazogombania nafasi ya mbele zinaweza kutulizwa kwa njia hiyohiyo.

Meza kuu iwe na watu wenye kazi ya kufanya pale, nao hawazidi watano mara nyingi. Meza ya watu kumi na wawili walioketi kimya mbele ya ukumbi humwondolea msemaji usikivu. Viongozi wasio na nafasi katika ratiba hupata heshima yao kamili katika safu ya kwanza, ambako pia wanaiona skrini.

Hatua ya 7: Chora, punguza, kagua

Chora ramani ya ukumbi kwa kipimo, hata kwa kalamu kwenye karatasi ya miraba, ukionyesha milango, soketi za umeme, meza na idadi ya viti kwa kila safu. Mpe msimamizi wa ukumbi nakala angalau siku moja kabla, na uandike jina la umbo pamoja na mchoro wake, kwa sababu jina moja hueleweka tofauti kwa watu tofauti.

Panga viti pungufu kidogo kuliko idadi unayoitarajia, na vya akiba virundikwe karibu na mlango. Watu huanza kujaza nyuma, na ukumbi wenye viti vitupu mbele humfanya msemaji aonekane amekimbiwa. Jengo la Bunge la Makabwela la Uingereza lilipoharibiwa kwa mabomu mwaka 1941, Winston Churchill alisisitiza lijengwe upya bila kuwa na viti vya kuwatosha wabunge wote, kwa hoja kwamba chumba kikubwa kilicho nusu tupu huua mjadala. Hadi leo viti ni takriban 427 kwa wabunge 650. Kwa wanaochelewa, funga kwa utepe safu mbili za nyuma hadi za mbele zijae, kisha ufungue ya karibu na mlango kwa ajili yao peke yao.

Saa moja kabla ya kuanza, keti katika viti vinne: cha mbele pembeni, cha katikati, cha nyuma kabisa, na kile unachodhani ni kibaya kuliko vyote. Washa projekta, mwombe mtu azungumze kwa kipaza sauti, na uangalie kama kuna nguzo, mwanga au waya unaokukera. Kiti kisichoona kiondolewe kabisa, maana kikibaki kitakaliwa. Mwisho piga picha ya ukumbi ulivyo, ili wahudumu waweze kuurudisha vilevile baada ya mapumziko ya mchana.